Sekunde Kumi

Kabla ya yote nilitazama luku:
yuniti nne na robo. Zinatosha, nikasema,
ikiwa Chausiku wa chumba cha uani hatapiga pasi.
Nikampigia kelele: leo usichomeke kitu, shoga,
nagawa!
Akatoa kichwa mlangoni: Kafa nani?

Hakufa mtu. Ni laptopu moja
ya mtumba, ya Barabara ya Nane,
herufi M imefutika, bawaba imefungwa waya,
na tuko watatu tunaoitaka.

Baba anataka madirisha yake ya zamani,
maana humo tu ndimo inamofunguka
programu ya mizani ya mkonge.
Shamba lilifungwa. Mtambo wa korona ukauzwa chuma chakavu.
Lakini kila baada ya alasiri Baba hushuka safu kwa safu,
robota kwa robota, akitafuta kilo arobaini
zilizopotea mwaka elfu mbili na tatu
akakatwa yeye mshahara.

Hamdani, mdogo wangu, anataka madirisha mapya,
ya kuchezea mpira kwa vidole.
Mimi nataka pengwini:
chuo kimeagiza, halafu ni wa bure,
halafu, nikisema kweli,
humu ndani hakuna mwingine anayejua kumfungua.

Nimekulia nyumba ya vyumba sita na mlango mmoja, Ngamiani.
Wapangaji nawajua.
Mwenye kiburi mtangulize kuingia,
kwani akikukuta umeshatandika kitanda
hubadili kitasa, kisha huapa hajakuona.
Madirisha ndiyo tabia yao.
Basi ya Baba kwanza, ya Hamdani yakafuata,
pengwini wa mwisho, akae mlangoni,
yeye huuliza kila mtu jina lake.

Mkonge wa Baba niliunakili kwenye flashi mbili.
Moja nikaifunga pindo la kanga.
Skrini ikauliza: Una hakika?
Nani mwenye hakika? Nikabonyeza.

Asilimia sitini na moja, feni ikasimama.
Mtaa mzima kimya, friji la duka la Mshihiri kimya.
Kutoka uani: Si mimi! Pasi iko juu ya kabati, wallahi!
Betri ikasema dakika kumi na tisa,
betri ya mtumba, ahadi yake
ni ya fundi cherehani mkesha wa Idi.
Sabini. Sabini na mbili. Sabini na mbili.
Nilimwomba Mungu kwa lugha zote nilizonazo,
na Kidigo changu ni kibovu.

Ilifika mia, zikiwa zimebaki dakika mbili.

Nikadhani nimemaliza, kumbe kuna saa.
Pengwini huamini saa ya mashine ni ya Grinichi,
madirisha huamini ni ya hapa hapa Tanga.
Kwangu ilisoma kumi na saba.
Nikazima, nikawasha kwa Baba: kumi na nne.
Mama akapita na ungo wa mchele,
nikamuuliza, akasema kumi na moja,
wala hakusimama.
Hakuna aliyesema uongo.

Upande wa Hamdani nikaurekebisha.
Wa Baba alinizuia mkono.
Iache, alisema,
masaa matatu hayo nitayatumia.

Sasa ukiwasha, skrini huja nyeusi na majina matatu,
halafu huhesabu kumi kurudi nyuma.
La juu nimeliandika Mizani,
asipobonyeza mtu, ndilo hufunguka.
Baba vishale hataki kuvijua.
Hukaa tu, mikono magotini,
tisa, nane, saba,
kama mtu aliyekwisha kupandisha mzigo
anangoja mshale utulie.